Glavu Zilizofuliwa

Kazi ya Makame ilikuwa penalti tu. Mechi nzima alikaa benchi, na ngoma ikielekea sare, kocha alimtoa kipa wa kwanza akamwingiza yeye. Mji mzima ulimwita Kufuli. Glavu zake hazikuwahi kuonja maji tangu alipoanza kucheza. Jasho la kila mkwaju aliowahi kuudaka lilikaukia humo humo, na wenzake walijua haziguswi.

Siku ya fainali, kocha alipomwita, Makame alifungua begi akazikuta nyeupe pe, zinanukia sabuni.

"Nani kazigusa?"

"Mimi, mwanangu," alisema Bi Siwema, mfuaji mpya wa jezi, akitabasamu. "Zilikuwa zinanuka kama mzoga. Nikaona siku kubwa kama hii usiaibike."

Kipa wa kwanza, aliyekuwa anatoka uwanjani, alivua za kwake haraka.

"Chukua hizi, kaka."

"Za mtu sivai," alisema Makame.

Akavaa zake. Ndani zilikuwa bado mbichi, na ubaridi ulimshika kama mkono wa mtu asiyemjua. Washabiki waliimba, "Kufuli! Kufuli!" Golini alipiga makofi mawili, kama desturi yake, lakini hayakulia.

Mpigaji aliweka mpira, akarudi nyuma. Makame alitanua mikono. Maji yakaanza kumdondoka vidoleni, tone baada ya tone, na chini ya miguu yake mstari wa chokaa ukaanza kufutika.