Ovaroli Isiyofuliwa

Tangu sheria ipeleke mafuta yote ya kula kwenye injini za vivuko, jikoni kwa Zawena ni kuchemsha tu. Jioni hiyo mumewe Mbwana, fundi wa injini, alirudi amechangamka.

"Mama Tunu, leo tumechanganya nusu dizeli, nusu mafuta yenu. Injini imetulia, na moshi mweusi hakuna kabisa."

"Hongera. Angalau yenyewe imeshiba."

Mbwana akavua ovaroli. Tunu, binti yao wa miaka minne, akaikumbatia, akainusa, akainusa tena.

"Mama, yale maandazi unayonisimulia yananukia hivi?"

"Hivyo hivyo, mwanangu."

Zawena alikuwa ameshakoroga sabuni kwenye beseni. Akaimwaga, akamwachia mtoto ovaroli alale nayo.