Vipele vya Mgongoni

Atupokile alipomvua mwanawe nguo ili amwogeshe, aliona vipele vidogo vyekundu vimetapakaa shingoni na mgongoni. Aliingiwa na hofu. Mumewe alikuwa akifuata mitumba mpakani Tunduma, analala huko wiki nzima, na miaka ile ya tisini watu wakiona vipele walidhani ni ukimwi.

Akambeba mtoto mpaka hospitali ya Makandana. Nesi alipitisha kidole mgongoni polepole.

“Mama, unamvalisha masweta mangapi?”

“Matatu. Si unaona baridi ya huku, nesi?”

“Basi hii ni harara. Jasho limekosa pa kutokea. Mpunguzie nguo, mwogeshe maji ya uvuguvugu, umkaushe vizuri, na usimpake mafuta mazito.”

Siku ya tatu mgongo ulikuwa laini, na mtoto alilala bila kulia.

Jumamosi mumewe akarudi. Atupokile alimsimulia yote huku akicheka, mtoto yuko mapajani mwa baba yake.

Mume hakucheka. Aliuliza kwa sauti ya chini, “Na damu, walimpima?”

Atupokile alimtazama. Akanyoosha mikono, akamchukua mwanawe.