Neno la Kwenye Foleni

Talaka yangu na Grady ilitoka Machi, lakini kila asubuhi bado nampitia twende kazini, kwa sababu njia ya kushoto ya barabara kuu, ile ya magari yenye watu wawili au zaidi, haimtaki dereva aliye peke yake. Hadi jana njia hiyo ilikuwa ikiishia darajani. Kutoka hapo tulikuwa tukikwama kwenye foleni, wote hoi, tukigombana kidogo kidogo.

Leo wameifungua mpaka mjini.

“Tutawahi mno,” alisema Grady, akizungusha kifuniko cha kahawa yake.

“Si ndicho ulichokuwa unalilia?”

“Ndicho.” Kifuniko kikazunguka tena. “Ila nilikuwa na neno, nalo linataka foleni.”

Kulia kwetu magari yalikuwa yamesimama, taa nyekundu tupu hadi upeo wa macho.

Nilipiga mwayo, nikawasha indiketa ya kulia.