Mkanda wa Nyigu

Ukame ulipokausha mashamba yote, ndipo Kiboko, meya wa mji, alipoamua kujenga daraja. Kila nyigu akaamriwa kutoa nusu ya mlo wake kuwalisha mafundi.

"Mheshimiwa, si tungoje mavuno kwanza?" akauliza Bi Nyigu.

"Kazeni mikanda," akajibu Kiboko, ambaye tangu azaliwe hajui kiuno chake kiko wapi.

Nyigu wakakaza. Mwezi wa pili wakaambiwa wakaze tena, na wa tatu vilevile.

Daraja likakamilika, zuri kwelikweli, na shehena za chakula zikavuka.

"Si niliwaambia? Sasa legezeni mikanda mle!" akatangaza Kiboko.

Wakajaribu. Kila mkanda ulikuwa umeshageuka kiuno.

"Chakula tumekiona, Mheshimiwa," akasema Bi Nyigu. "Kitapitia wapi?"