Chatu wa Stanslaus

Itangazwe kwa wanadamu wote kwamba mwaka 1974 shule yetu ilipata msanii aliyefunuliwa siri za mizimu. Msanii huyo, Stanslaus, alikuwa amevaa bukta ya kuazima.

Kwenye maonyesho ya shule, wanafunzi waliuzunguka mchoro wake wa chatu, wa chokaa na masizi, wakiogopa kuugusa.

“Alama hizi,” aliwaambia, macho nusu yamefumbwa, “huchorwa tu na walioingizwa kwenye chama cha Bayeye, wachezesha nyoka.”

Mama mmoja wa Bayeye, aliyealikwa kucheza ngoma ya nyoka, akasogea. Akautazama mchoro, akatabasamu, akatua kapu lake na kumsalimia kwa kilugha.

“Mwangaluka, mwenzetu! Kumbe tuna ndugu hapa. Basi mtoe huyu wa kapuni tuanze ngoma.”

Akafunua kifuniko. Ulimi mwembamba, wenye ncha mbili, ukachungulia na kuonja hewa karibu na kidole gumba cha Stanslaus, kilichokuwa bado cheupe kwa chokaa.

“Mshike, mtu wa mizimu!” wenzake wakashangilia.

“Shikamoo, mama,” alisema Stanslaus. “Mimi si wa chama chenu. Madoa ya chatu nimeyanakili kutoka kwenye mkanda wa ngozi ya nyoka wa mwalimu wa zamu, ule anaoutafuta tangu Jumatatu. Uko chini ya godoro langu.”