Jicho Kama Lako

Mwalimu wa udereva aliingia jumba la sanaa mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwelekeza mlango wa nyuma, wanakopokelea picha.

Miaka nenda miaka rudi alikuwa akiwaleta pale farasi aliowachora, na miaka yote farasi walirudi nyumbani. Mmoja alikuwa akizuia mlango wa stoo usipigwe na upepo. Mkewe alimwita "yule mbuzi wako". Hata hivyo mwalimu hakuwa na ndoto nyingine duniani: farasi wake mmoja tu atundikwe kwenye ukuta ule mweupe, watu wapite, wasimame, watazame.

Kisha, wiki iliyotangulia, msimamizi wa jumba akampigia simu.

"Tunaomba uingie kamati ya kuchagua picha za maonyesho. Ni kazi ya kujitolea, lakini jicho kama lako halipatikani ovyo."

Kichwa kilimvimba hadi kofia ikambana. Maneno hayo alimsimulia mkewe asubuhi, mchana na jioni, mpaka mama wa watu akayajua kwa moyo.

"Na farasi je?" mkewe akauliza.

"Mjumbe haruhusiwi kuleta kazi yake. Uongozi una gharama, mama watoto."

Aliyasema hayo kifua mbele. Ila iliuma, kusema kweli.

Sasa, kwenye meza ya kamati, aliwakuta daktari wa meno, mfamasia na fundi wa majokofu. Walimpokea kama ndugu aliyekawia safarini.

"Mimi nilikuwa nachora maua," daktari akamwambia. "Siku hizi basi tena."

"Mimi paka," fundi akasema.

"Mimi farasi."

"Tunawajua," mfamasia akajibu kwa upole, akamsogezea kikombe cha chai.

Kumbe anajulikana! Mwalimu akajiweka sawa kitini.

Msimamizi akasimamisha picha ya kwanza: bibi harusi anatabasamu, mikono yake yote miwili ni ya kushoto. Mwalimu alicheka hadi chai ikampalia.

"Nyani haoni kundule," akasema akijifuta. "Huyu mwambieni ukweli aache, apumzike na sisi tupumzike."

Hakuna aliyecheka naye. Fundi alikodolea macho kikombe chake.

"Analeta kila mwaka," msimamizi akasema. "Na kila mwaka tukimrudishia anakaa pale mapokezi, hataki kuondoka. Basi, tutafanya kama kawaida."

Akachukua simu, akatoka ukumbini. Mfamasia akainuka bila kuambiwa, akavuta kiti kingine na kukiweka mezani, karibu na cha mwalimu.

Mlango ulikuwa umebaki wazi kidogo. Sauti ya msimamizi ikaingia, tamu vilevile:

"Ni kazi ya kujitolea, lakini jicho kama lako halipatikani ovyo."