Mwanamke wa Marumaru Ghalani

Siku ya tatu sasa kichanga cha Wankyo kilikuwa kinakataa ziwa.

Mama mkwe wake, Keraryo, alikaa mlangoni akiwaita marehemu. Bunda nzima inajua: mtoto akikataa ziwa hivyo, kuna marehemu anataka jina lake. Likitajwa lenyewe, atanyonya.

"Kama ni wewe Nyangeta, nyonya. Kama ni wewe Robhi, nyonya."

Mtoto akageuza uso.

"Umemaliza wote, mama?"

"Wanaostahili kuitwa, wote."

"Na mama yako mzazi?"

"Aliyeniacha sijaota meno, akawafuata waliomsifia uzuri? Huyo sijamtajaga. Wewe kumbuka ulikopita na hiyo mimba."

Wankyo alikumbuka. Miezi yote ile alifagia ghala la mbegu za pamba, lililokuwa nyumba aliyoiacha mzungu mmoja mzee baada ya Azimio, serikali ilipotwaa mali. Sebuleni alibaki mwanamke wa marumaru, kichwa na mabega, mweupe kama maziwa. Watu walisema ni mrembo wa Ulaya ya kale, wafalme walimpigania. Mwenye mimba huonywa asizoee uso wa mtu asiyemjua, lakini Wankyo alizoea. Alimpangusa kila asubuhi, mpaka ndani ya tundu pana la sikio, na kila asubuhi aliona macho yale yakishuka tumboni mwake. Hakumwambia mtu.

Akamfunga mtoto kifuani, akachukua nyundo.

Keraryo alimfuata akikokota fimbo, lakini akaishia nje. "Humo mimi siingiagi."

Ndani kulinuka vumbi la mbegu. Mtoto alikuwa amechoka hata kulia.

"Niachie mwanangu," Wankyo aliliambia jiwe. "Wewe nenda kwenu Ulaya."

Akainua nyundo. Ndipo akayaona maandishi chini ya shingo, yaleyale aliyoyapangusa akidhani ni maua, kabla hajaanza darasa la watu wazima. Mkono ukashuka. Akayafuata kwa kidole, akasoma kwa sauti, kama mwalimu alivyowazoesha.

"Gha... ti. Ghati."

Mtoto akalishika ziwa, akanyonya.

Nje, fimbo ilianguka.

"Wankyo," Keraryo aliita, sauti imekuwa ya mtoto mdogo. "Nani amekutajia jina la mama yangu?"